Mizaha ya Mwanga: Kutoka Mizuka ya Boston hadi Vichimbakazi wa Cottingley

Aprili 1869, bingwa wa kamba kuliko wote Marekani aliitwa mahakamani jijini New York atoe ushahidi dhidi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kupiga kamba. P. T. Barnum ndiye yule mwenye jumba la maajabu aliyewahi kuwatoza watu kiingilio wamwone "nguva", ambaye ukimkagua vizuri alikuwa kiwiliwili cha nyani kilichoshonewa mkia wa samaki. Wakili wa utetezi alimkalia kooni kuhusu biashara hiyo. Barnum akajibu bila kupepesa kwamba hajawahi kuchukua fedha ya mtu pasipo kumpa kitu chenye thamani yake. Kisha ikatolewa picha: Barnum ameketi kwa utulivu, na nyuma yake, hafifu na mweupe, amesimama Abraham Lincoln, rais aliyekuwa ameuawa miaka minne kabla. Picha ile ilipigwa na Abraham Bogardus, mpigapicha wa New York, makusudi ili hakimu aone kwamba kumleta marehemu studioni hakuhitaji uganga wowote.

Mshtakiwa aliitwa William Mumler. Kazi yake ya asili ilikuwa kuchonga nakshi kwenye vito huko Boston, na upigaji picha aliuanza kwa kujifurahisha. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku moja ya Jumapili mwanzoni mwa miaka ya 1860 alijipiga picha akiwa peke yake studioni. Alipoisafisha, akamkuta kando yake msichana wa mwanga, anayepenyeka kwa macho kiasi kwamba kiti kilionekana kupitia mwili wake. Sababu ilijulikana: bamba la kioo lilikuwa limeshatumika, na halikusuguliwa sawasawa. Lakini alipotembelewa na bwana mmoja wa imani ya kuzungumza na wafu, Mumler, ambaye alikuwa mtu wa masihara, akaamua kumchezea. Akamwonyesha picha na kumwambia kwa uso mkavu kwamba chumbani hakukuwa na kiumbe hai mwingine. Akaongeza kwamba yule msichana alifanana na binamu yake aliyefariki miaka kumi na miwili kabla. Hata akakubali kuyaandika maneno hayo na kuyatia saini.

Mzaha ungeishia pale kama mgeni angecheka. Hakucheka. Picha na maelezo yake vilifika kwenye Banner of Light, gazeti la waumini hao, vikachapwa kama ushahidi wa uhai baada ya kifo. Mumler aliandika baadaye kwamba aliona aibu alipoisoma habari ile. Aliporudi studioni akiwa amekusudia kuisahihisha, akakuta watu wanamngoja, wakitaka nao wapigwe picha na marehemu wao.

Siri ya kiufundi ilikuwa nyepesi. Enzi hizo picha ilipigwa kwenye bamba la kioo lililopakwa kolodioni na kutumbukizwa katika dawa ya fedha, na lilipaswa kuingia kwenye kamera likiwa bado bichi. Bamba lililoharibika halikutupwa. Lilisuguliwa likatumika tena. Likisuguliwa kivivu, sura ya mteja wa jana ilibaki chini ya sura ya mteja wa leo. Fundi aliyetaka kudanganya aliweza pia kupiga mara mbili kwenye bamba lilelile, au kuweka bamba lingine lenye sura nyuma ya lile jipya, au kumvika mtu shuka jeupe, amsimamishe nyuma ya mteja kwa sekunde chache, kisha amwambie anyate atoke.

Hilo la mwisho lilikuwa limeshachapwa kitabuni kama burudani ya sebuleni. Tangu 1838, Louis Daguerre alipoelekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple mjini Paris, ilijulikana kwamba kamera ya polepole haina habari na watu wenye haraka. Barabara ile ilikuwa na pilikapilika, lakini picha ilitoka tupu, kwa kuwa farasi na wapita njia hawakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Aliyeonekana ni mtu mmoja tu aliyesimama akisafishiwa viatu, pamoja na fundi wake. Mwanasayansi wa Scotland, Sir David Brewster, akaligeuza somo hilo kuwa mchezo. Katika kitabu chake cha mwaka 1856 alieleza kwamba mtu akisimama mbele ya kamera kwa sehemu tu ya muda unaotakiwa, kisha akaondoka, atatoka kama hewa, na vitu vilivyo nyuma yake vitaonekana. Kampuni ya London Stereoscopic haikuchelewa kuuza picha za "mzuka" zilizopigwa hivyo, na wanunuzi walijua wanachonunua. Mwenye shuka alikuwa na shuka, na kila mtu alicheka.

Tofauti kati ya London ya Brewster na Boston ya Mumler ilikuwa vita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, kwa makadirio yaliyozoeleka viliua watu wapatao 620,000. Wengi walizikwa mbali, wengine bila jina. Mama aliyepoteza mwana, akaambiwa kwamba kuna mtu wa Boston ambaye kamera yake humrudisha, hakuwa na hamu ya kusikia habari za bamba lisilosuguliwa. Mumler alitoza hadi dola 10, bei ambayo studio ya kawaida isingethubutu kuitaja. Hapa ndipo masihara yalipoanza kunuka. Baadhi ya "marehemu" wake walitambuliwa wakitembea hai mitaani Boston, na alipoona mambo yamechacha akahamia New York, akafungua studio Broadway.

Mahakamani, wapigapicha waliitwa mmoja baada ya mwingine kueleza njia za kutengeneza mzuka. Walizijua nyingi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kusema ni ipi aliyoitumia Mumler, maana hakuna aliyemfuma. Upande wa pili wakaja wateja wake, watu wa heshima, wakaapa kwamba wamewatambua wake zao, watoto wao, wazazi wao. Mwezi Mei hakimu Joseph Dowling akasema moyoni anaamini udanganyifu umefanyika, lakini ushahidi haukutosha kumfikisha mshtakiwa mbele ya baraza la mashtaka. Akamwachia.

Miaka michache baadaye, karibu 1872, mwanamke mmoja aliyejifunika shela nyeusi aliingia katika studio ya Mumler, aliyekuwa amerudi Boston, akajitambulisha kwa jina la uongo. Picha ilipotoka, nyuma yake alisimama Lincoln, mikono yake juu ya mabega ya mwanamke. Mgeni yule alikuwa Mary Todd Lincoln, mjane wa rais. Picha ambayo Bogardus aliitengeneza ili kumkejeli Mumler ilikuwa imezaa picha nyingine kama yake, na safari hii aliyeketi hakuwa akicheza. Katika picha zote za Mumler, hiyo ndiyo inayochapwa zaidi hadi leo. Mwenyewe alimalizia maisha yake, yaliyokoma 1884, akishughulikia njia ya kuhamishia picha kwenye mabamba ya kuchapia, kazi ya maana iliyosaidia picha kuingia magazetini, ambayo hakuna anayemkumbuka nayo.

Ufaransa walikwenda hatua moja mbele. Édouard Buguet alikamatwa Paris mwaka 1875, na polisi walipopekua studio yake wakakuta midoli na rundo la vichwa vilivyokatwa kutoka kwenye picha na kubandikwa kwenye kadibodi. Hakubisha. Alikiri kila kitu mbele ya mahakama. Hapo ndipo kesi ilipogeuka kichekesho: mashahidi walionyeshwa vichwa vyenyewe, wakalisikia ungamo kwa masikio yao, na bado wakashikilia kwamba picha waliyopewa ilikuwa ya mpendwa wao halisi. Buguet alihukumiwa mwaka mmoja jela. Alipokwisha kuvuka mpaka hadi Ubelgiji, akalikana ungamo lake na kusema alilazimishwa. Waumini wakampokea.

Mzaha mwingine, mpole zaidi, ulianza Julai 1917 katika kijiji cha Cottingley, karibu na Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Frances Griffiths, mwenye miaka tisa, alikuwa ametoka Afrika Kusini na mama yake, akafikia kwa binamu yake Elsie Wright, mwenye miaka 16. Nyuma ya nyumba palikuwa na kijito. Frances alirudi nyumbani kila mara viatu vimelowa, akagombezwa, mwisho akajitetea kwamba huenda kuwatazama vichimbakazi. Wakubwa wakacheka. Elsie akamwomba baba yake kamera, na baada ya muda mfupi wasichana wakarudi na bamba moja. Baba alilisafisha kwenye chumba chake cha giza. Akamwona Frances amejiegemeza kwenye majani na nyasi, na mbele yake vichimbakazi wanne wenye mabawa wanacheza ngoma.

Arthur Wright alimjua binti yake. Elsie alichora vizuri, na aliwahi kufanya kazi kwa mpigapicha. Baada ya picha ya pili, safari hii ya Elsie na kibwengo mwenye mabawa, hakutoa tena kamera. Frances naye aliandika nyuma ya picha moja aliyomtumia rafiki yake Cape Town kwamba ni ajabu, kule Afrika hakuwahi kuwaona hawa, labda ni joto kali linalowashinda. Habari ingekomea katika bahasha ile kama mama yake Elsie asingekwenda kwenye mkutano wa Wateosofia, jumuiya ya wafuatiliaji wa mambo ya kiroho, huko Bradford mwaka 1919 na kuzitaja picha hizo.

Kutoka hapo zikafika kwa Edward Gardner, kiongozi katika jumuiya hiyo, na kutoka kwake kwa Sir Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes. Doyle aliamini mawasiliano na wafu kwa moyo wote. Mwaka 1922 aliandika hata kitabu cha kuwatetea wapiga picha za mizuka, miezi michache baada ya mpelelezi Harry Price kumtega mmoja wao, William Hope wa mji wa Crewe, kwa mabamba yaliyotiwa alama ya siri kwa eksirei. Mabamba aliyoyarudisha Hope hayakuwa na alama. Doyle hakushawishika.

Kuhusu Cottingley, wataalamu waligawanyika. Harold Snelling alisema hazina dalili ya kupigwa mara mbili. Kodak walikataa kuzithibitisha. Kampuni ya Ilford ilisema wazi kuna ujanja. Doyle akachagua jibu alilolipenda, na Desemba 1920 jarida la Strand likachapa makala yake na kuisha madukani kwa siku chache. Kabla ya hapo, majira ya joto mwaka huohuo, Gardner alikuwa ameshawapelekea wasichana kamera mbili na mabamba yenye alama. Wakapiga picha tatu zaidi. Ya tano haikufanana na zile nyingine: majani, ukungu, na ndani yake maumbo yanayopenyeka mwanga, kama vichimbakazi wanaoota jua. Doyle na Gardner waliipenda sana.

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu huku watu wakigombania mizuka ya kutengeneza, vitu visivyoonekana kwa macho vilikuwa vikijipiga picha vyenyewe, na wenye mabamba wakavitupa kama uchafu. Februari 1890, Arthur Goodspeed wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na mpigapicha William Jennings walikuwa wakipiga picha za cheche za umeme. Waliacha sarafu juu ya mabamba yaliyofungwa, na baada ya kuyasafisha wakakuta miduara isiyoelezeka. Wakaiweka kabatini. Miaka sita baadaye, Wilhelm Röntgen alipotangaza eksirei, wakakumbuka, wakaitoa. Hawakudai kwamba wao ndio waliovumbua. Walikuwa na picha tu, hawakuwa na maelezo.

Henri Becquerel alikuwa na bahati na akili ya kuitumia. Mwishoni mwa Februari 1896 Paris ilikuwa na mawingu, naye alihitaji jua kwa majaribio yake ya chumvi za urani. Akafungia kila kitu ndani ya droo. Siku chache baadaye akalisafisha bamba, akitarajia kivuli dhaifu, akakuta alama nzito ya chumvi na ya msalaba wa shaba aliouweka katikati. Hakuna mwanga uliofika pale. Kutokana na doa hilo ikatoka elimu ya mnururisho, na Tuzo ya Nobel ya 1903 aliyogawana na Marie na Pierre Curie.

Doa la tatu lina mkono wa Afrika ya Kati ndani yake. Mwaka 1945 wateja wa Kodak walilalamika kwamba filamu zao za eksirei zimejaa vitone vyeusi. Julian Webb, mtaalamu wa kampuni hiyo, alifuatilia hadi kwenye kadibodi ya kufungashia iliyotengenezwa Vincennes, jimbo la Indiana, kwa maji ya mto Wabash. Kadibodi ilikuwa na seriumu-141, zao la kupasuliwa kwa atomu. Webb akaunganisha nyuzi: bomu la kwanza la atomiki lilikuwa limejaribiwa kwa siri New Mexico tarehe 16 Julai, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kiwandani, na vumbi lake lilinyeshewa mtoni. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na vibarua ambao wala hawakuambiwa ni mawe ya nini. Hakuna mwenye kupiga kamba aliyewahi kubuni kisa kama hicho.

Pwani ya Afrika Mashariki ilijifunza picha mapema, na studio za Zanzibar na Mombasa zilikuwa zikiuza kadi kabla ya karne ya 19 kuisha. Ujanja wa chumba cha giza ukapata wenyeji wake. Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe na kufungua Bakor Studio mjini Lamu mwaka 1962, alijulikana kwa picha za kuunganisha, ambazo mwanaanthropolojia Heike Behrend alizichunguza kwa kina. Mteja alikwenda pale akijua, akalipia maajabu yake mwenyewe, akacheka na fundi. Brewster angejisikia nyumbani Lamu kuliko Boston.

Miaka miwili baada ya Bakor kufungua milango, tarehe 23 Mei 1964, zimamoto mmoja wa Carlisle, Jim Templeton, aliwapeleka mkewe na binti zake kwenye mbuga za Solway Firth, kaskazini mwa Uingereza. Akampiga picha binti yake wa miaka mitano. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, nyuma ya kichwa cha mtoto alionekana mtu amevaa kitu cheupe kama suti ya mwanaanga. Templeton hakuwa mtu wa utani. Aliapa kwamba hakumwona yeyote, na Kodak walisema filamu haikuchezewa. Kodak walikuwa sahihi, na pengine naye alikuwa sahihi.

Magazeti yakaitwaa picha ile, na kisa kikaanza kuota mikono na miguu. Kikaongezwa wanaume wawili waliodai kutumwa na serikali, wakiitana kwa namba badala ya majina. Ikaja hadithi kwamba jaribio la roketi ya Blue Streak huko Woomera, Australia, lilisitishwa kwa sababu watu wawili wa sura hiyohiyo walionekana karibu na mtambo. Watafiti wa baadaye walitazama picha nyingine za siku ile, wakamwona mke wa Templeton amevaa gauni la buluu iliyokoza kidogo tu. Dirisha la kutazamia la kamera yake lilionyesha sehemu tu ya kile ambacho filamu ilinasa, kwa hiyo mama aliweza kuingia pembeni, mgongo ukiwa huku, bila mpigaji kumwona. Jua kali likazidisha mwanga, buluu ikaungua ikawa nyeupe. Maelezo hayo yametosheleza wengi. Mwanaanga, hata hivyo, bado anazunguka duniani kuliko gauni.

Wakati huo Elsie na Frances walikuwa wameshakuwa wanawake wa makamo, nao hawakuwa wamesema neno. Walisubiri wenye kuaibika wafe kwanza. Gardner alifariki 1969 akiwa na miaka 99. Mhariri wa jarida la British Journal of Photography, Geoffrey Crawley, akaanza kuzichambua picha upya kipande kwa kipande, na mwaka 1983 binamu wale wakakiri. Vichimbakazi walikuwa michoro ya Elsie, iliyokatwa kwa mkasi na kusimamishwa kwa pini ndefu za kofia. Aliiga wachezaji kutoka kwenye kitabu cha watoto cha mwaka 1914, Princess Mary's Gift Book, akawaongezea mabawa. Ndani ya kitabu hichohicho mlikuwa na hadithi ya Conan Doyle.

Hawakuwa wamekusudia kumdanganya mtu mkubwa kiasi hicho. Walikusudia kuwanyamazisha wakubwa waliowacheka jikoni, na mtu kama Doyle alipojitokeza, kukiri kukawa kugumu kuliko kunyamaza. Frances alishangaa maisha yake yote jinsi watu walivyokubali, akaona kwamba walitaka kukubali.

Ila hawakukubaliana kuhusu picha ya tano. Elsie alisema zote ni za uongo. Frances, hadi alipofariki mwaka 1986, alisisitiza kwamba nne zilitengenezwa lakini ile yenye ukungu ni ya kweli, na kwamba yeye ndiye aliyeipiga. Elsie, aliyemfuata mwaka 1988, naye alisema ndiye aliyeipiga. Crawley aliona bamba lile lina kila dalili ya kupigwa mara mbili bila kukusudia: michoro ya karatasi kwenye nyasi, kisha nyasi zilezile tena kutoka pembe nyingine kidogo, mwanga wa kwanza ukipenya ule wa pili. Kwa maelezo hayo, huenda katika suala la nani aliyebonyeza kamera wote wawili walisema kweli.